Mlango ufungwe kwanza

Jamani mie nimefanya kazi kliniki ya wajawazito huku Pemba miaka mingi, na kitu kinachoniuma mpaka leo ni yule mama aliyekuja jicho limevimba, mume kakaa ubavuni kwake, na sie tukamuuliza pale pale "umefanyaje?" Akasema kateleza kisimani. Angesema nini tena?

Ndo mana nawaambia wenzangu mtoeni mume kwanza, mwambie asubiri nje unampima mama, funga mlango ndo uulize taratibu, "bibie, nyumbani kuna amani?" Akisema anapigwa, usimhoji kama polisi, wala usimwambie vumilia mwanangu ndo ndoa hiyo (neno hili linaumiza, wallahi). Mwambie si kosa lake. Muulize leo akirudi atasalimika? Kama kabakwa, hata na mumewe, dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, asizungushwe na makaratasi. Vituo vya Mkono kwa Mkono vipo, daktari, polisi na mshauri pamoja, lakini asisukumwe, aende akitaka mwenyewe. Na kwenye kadi yake ya kliniki usiandike kitu, kadi anarudi nayo nyumbani, mume anaisoma.