Ni changu bado au ni chenu?

Swali la bibi yule lilinikuta nimechuchumaa chini ya mbuyu, si mbali na Ziwa Eyasi, nikiandika namba kwenye vichupa. Kilikuwa kiangazi. Nilikuwa mkalimani wa timu ya wageni iliyokuja kuchukua choo kikubwa cha Wahadzabe, jamii ya wawindaji na waokota mizizi na matunda, ili bakteria wa tumboni mwao wagandishwe wakiwa hai.

Nilikuwa nimeshamweleza. Kwamba mwaka 2014 watafiti walichapisha ulinganisho wa Wahadzabe na Waitaliano wa Bologna, wakakuta Wahadzabe wana aina nyingi zaidi za bakteria. Kwamba mizizi na ubuyu wanaokula ndiyo chakula cha viumbe hao, na sisi wa mjini tunazidi kuwapoteza. Alisikiliza huku akigeuza mizizi kwenye makaa. Kisha akaniuliza:

"Mjukuu wangu, mkishakipeleka huko mbali, ni changu bado au ni chenu?"

Sikutafsiri papo hapo. Vibali vyote tulikuwa navyo. Hati ya ridhaa niliyomsomea asubuhi ilisema sampuli zitatunzwa ng'ambo kwa tafiti za baadaye. Zitakuwa za nani, haikusema. Nilikuwa nimeisoma kwa watu wangapi, na pengo hilo sikuliona. Linaniuma hadi leo.

Kiongozi wetu aliposikia, alifunga daftari. Jioni tukakubaliana: kila sampuli igawanywe, nusu ibaki Tanzania, na hati iandikwe upya kabla ya kuchukua nyingine. Tukarudi kwa bibi, tukamwambia pia kuwa akibadili nia chake kitaondolewa.

"Haya, andikeni," akasema.

Mwaka 2018 mtafiti wa bakteria Maria Gloria Dominguez-Bello na wenzake walipendekeza hazina ya dunia ya bakteria wa mwilini, mfano wa ghala la mbegu la Svalbard, Norwei. Mradi uliozaliwa hapo, kule Uswisi, unasisitiza kuwa mweka sampuli ndiye hubaki mmiliki wake. Nilifurahi kweli. Ila mweka sampuli ni maabara, na bibi alikuwa akijiulizia yeye.

Usiku ule kule Eyasi tulifanya kazi kwa tochi. Choo kinachanganywa na gliseroli ili barafu isiwapasue bakteria, tena haraka, maana wengi wao hewa huwaua. Mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, ya kugandishia, ulipofunguliwa, ukungu mweupe ulimwagika hadi vumbini, watoto wakarudi nyuma. Namba ya bibi ilikuwa 17. Niliiandika kwenye vichupa viwili.