Mvua imekatika Lushoto: usome mteremko kabla ya kushika jembe

Masika ikipumzika, jua likachomoza na ukungu ukapanda kutoka Soni, kila mtu hukimbilia shambani. Hapo ndipo ninapoomba subira. Maji yaliyozama jana bado yanashuka ardhini, kwa saa nyingi, pengine siku mbili tatu, mpaka yakutane na mwamba usiopitisha maji. Pale juu ya mwamba hujaa, huusukuma udongo kutokea chini, na udongo hupoteza mshiko. Ndiyo maana mlima huweza kuporomoka mchana wa jua.

Anza na kiasi cha mvua. Kopo lenye ubavu ulionyooka likikaa mahali pa wazi, mbali na miti na paa, pamoja na rula, vinatosha. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 100 kwenye ekari moja ni kama tani 400 za maji. Jumlisha na mvua za siku zilizopita. Milimita 40 juu ya udongo mkavu hunywewa. Juu ya udongo ulioshiba ni hatari.

Pima na ukali wa mteremko. Chukua ubao wa mita 2, ncha moja iguse ardhi upande wa mlimani, nyingine ibaki hewani upande wa bondeni. Weka pimamaji mpaka ubao ulale sawa, kisha pima kwa tepu kutoka ncha ya hewani kwenda chini wima. Sentimita 93 ni nyuzi 25. Sentimita 115 ni nyuzi 30. Kwenye ukali huo udongo mwembamba juu ya mwamba hutegemea sana mizizi, na kabichi na viazi havina mizizi ya kazi hiyo.

Sasa pandeni wawili, mmoja akague na mwenzake atazame juu. Piteni mgongoni mwa kilima, msipite korongoni. Wengi hukagua uani kwao tu, wakati jibu liko juu ya nyumba. Kinachotafutwa ni ufa. Nyufa za ukame hukatizana kama wavu na pande zake ziko sawa. Ufa wa mporomoko ni mmoja mrefu, umepinda kama mwezi mchanga, ncha zake zimeelekea bondeni, na upande wa chini umezama kidogo. Ukiuona, piga kigingi kila upande, msumari juu ya kila kigingi, upime msumari hadi msumari asubuhi na jioni, na uandike. Umbali ukiongezeka, mlima unatembea. Ukiongezeka kwa kasi kuliko jana, usisubiri kipimo cha tatu: hamisheni watoto na wazee kwanza, mwenyekiti wa kitongoji apewe taarifa, na walio chini yenu waambiwe.

Dalili nyingine ni chemchemi mpya, au ya zamani iliyogeuka tope, na mlango uliokuwa ukifunga vizuri kuanza kubana. Ninayoiogopa kuliko zote ni mto kupungua ghafla huku mvua ikinyesha. Maana yake huenda kifusi kimeziba huko juu, na kikipasuka hushuka na mawe na magogo. Tope lililoshuka mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 lilifika hadi Katesh mjini, kwa hiyo kukaa mbali na mteremko peke yake si kinga kama nyumba iko mdomoni mwa korongo.

Kuhusu matuta ya fanya juu, yaani yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu: ni mazuri kwa mahindi kwa sababu yanashika maji. Kwa sababu hiyohiyo sitaki kuyaona juu ya nyumba kwenye mteremko wenye ufa. Hapo panahitaji mfereji wa kuyaondoa maji, upande wa mlimani kabla ya kuufikia ufa, wenye mshuko wa sentimita 1 kwa kila mita, ukimwaga kwenye njia ya maji yenye majani. Ufa wenyewe, kama vigingi havijasogea kwa siku kadhaa, ujazwe udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na kufunikwa turubai, ukingo wake wa juu ufukiwe ardhini ili maji yasipite chini yake. Vigingi vikiwa bado vinasogea, hakuna kwenda mlimani na jembe.