Kwa Nini Arifa za Darubini Nimezihamishia kwenye Kishikwambi

Anayepiga picha za nebula au galaksi hakai kando ya darubini usiku kucha. Kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye stendi huendesha kazi yote: hufungua kamera kwa dakika 5, huhifadhi picha, hurekebisha fokasi joto linaposhuka, kisha huanza tena, huku mwenye darubini akiwa amelala. Kinachomwamsha ni arifa. Zangu nilizoea kuzipokea kwenye simu. Sasa zinaingia kwenye kishikwambi, na sioni sababu ya kuzirudisha zilikotoka.

Wengi hudhani kwamba faida yake ni ukubwa wa kioo. Kweli unasaidia, hasa ninapolazimika kuifungua kompyuta ya darubini kwa mbali na kutazama mchoro wa PHD2, programu inayofuatilia nyota elekezi, yaani nyota moja inayotumiwa kuiweka darubini kwenye shabaha yake: wingu likipita, mwangaza wa nyota hufifia hadi ikapotea, ilhali upepo huirusha mistari ya mchoro juu na chini huku nyota ikibaki angavu vilevile. Kwenye simu, tofauti hiyo huitafuta kwa kuvutavuta picha kwa vidole viwili. Hata hivyo, hoja yangu kubwa ni kwamba simu ina mambo mengi mno. Makundi ya WhatsApp, benki na matangazo yote yanalia humo, kwa hiyo mtu huizima sauti anapolala, na arifa ya darubini hunyamazishwa pamoja na hayo mengine. Kishikwambi changu hakina laini wala programu ya mazungumzo. Kikilia usiku, ni darubini tu.

Ninatumia N.I.N.A., programu inayoendesha kamera na darubini, pamoja na programu-jalizi yake ya Ground Station, ambayo hutuma ujumbe kupitia Pushover, huduma ya kufikisha arifa kwenye vifaa. Huduma hiyo ina ngazi za uzito kuanzia -2 hadi 2, na kuzipanga vizuri kuna maana kuliko kuchagua kifaa chenyewe. Taarifa za kawaida, kama vile kukamilika kwa seti ya picha, nimezipa -1, ngazi isiyotoa sauti. Ngazi ya 2 hurudia kulia mpaka mtu akiri kwamba ameiona. Pengo kati ya mlio mmoja na mwingine haliwezi kupungua sekunde 30, na mlio hukoma baada ya muda usiozidi saa 3. Hiyo nimeitengea hatari halisi, kwa mfano darubini iliyoshindwa kugeukia upande wa pili wa stendi baada ya kuvuka meridiani, mstari wa kufikirika unaopita utosini kutoka kaskazini hadi kusini, kwa sababu stendi ya ikweta ya Kijerumani, aina inayozunguka kufuata mwendo wa anga, ikiendelea kufuata nyota kwa nyuzi 15 kila saa, kamera inaweza kugonga miguu ya stendi.

Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2015, Android ina hali iitwayo Doze, ambayo huzuia programu kutumia mtandao ovyo pale kifaa kinapokuwa hakichajiwi, kimetulia mahali pamoja na kioo kimezimwa. Hivyo ndivyo kishikwambi kinavyokaa mezani usiku. Dawa yake ni kukiacha kwenye chaji, kwa kuwa Doze haianzi kifaa kinapochajiwa, na kuiondoa programu ya arifa katika orodha ya zinazobanwa kwa ajili ya kuokoa betri. Nakiacha chumbani, kwa kuwa nje kioo kipana kama hicho huharibu macho yaliyokwisha kuzoea giza, nayo huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea tena.

Udhaifu wake mkubwa ni kutegemea Wi-Fi. Ruta ikizimika, kishikwambi hunyamaza, na ukimya huo hauna tofauti yoyote na ule wa usiku ambao kila kitu kinakwenda sawa. Kompyuta ya darubini nayo ikikatikiwa umeme haiwezi kutangaza kwamba imezimika. Kwa hiyo nimeiunganisha na Healthchecks.io, huduma inayofanya kazi kinyume cha nyingine: kompyuta huipigia hodi kila baada ya muda niliouweka, na hodi ikikosekana huduma yenyewe ndiyo hutoa taarifa. Taarifa hiyo haiwezi kutegemea ruta ileile iliyozimika, hivyo nimeielekeza kwenye simu, inayotumia data ya laini, na ndiyo pekee niliyoiruhusu simu kuilia usiku.