Nilivyopima seva yetu wiki sita bila kupima kitu

Nianze na hasira maana bado inanichoma. Mwaka jana, muhula wa kwanza ulipokaribia, mfumo wetu wa sacco hapa Kampala ulikuwa unakwama kila asubuhi, wanachama wanapanga foleni mpaka kwenye ngazi wakingoja mkopo wa ada za watoto, na kila mtu aliyewahi kushika kompyuta alikuwa na ushauri. Ushauri wenyewe ulikuwa mmoja tu, nunueni seva kubwa, ile kompyuta inayoendesha mfumo wote. Jamaa mmoja wa duka la kompyuta alikuja na suti yake, hakuuliza swali, hakugusa kibodi, akalitazama lile boksi letu pale kwenye kona akatingisha kichwa kama yuko kilioni, halafu jioni akatuma bei. Milioni arobaini na kitu, bila usafiri. Nikamuuliza umejuaje kama shida ni prosesa, ule ubongo wa kompyuta? Akanijibu, "Boss, sacco zote zinachukua hii."

Mwenyekiti wetu ni mwanajeshi mstaafu, wote tunamwita Afande, na kwa sababu yake ofisi nzima inaongea Kiswahili, hata wale ambao wakitoka nje ya geti hawataki kukisikia. Akaniita. "Kijana, hii seva imechoka au haijachoka? Nataka namba. Siwezi kusimama mbele ya wanachama kuomba milioni arobaini kwa maneno."

Nina miaka mitatu hapo na sikuwa na namba hata moja. Nikamwambia, "Afande, nipe wiki mbili." Zikawa miezi miwili, na ndiyo habari yenyewe.

Sasa mimi nikajiona mjanja. Mbona rahisi? Nikaandika skripti ya mistari mitatu, kila dakika tano inaita vmstat, amri inayoonyesha mashine imebanwa kiasi gani, inachukua mstari wa mwisho, inaweka saa mbele yake na kuubandika kwenye faili. Baada ya siku kumi nikafungua faili kwenye Excel nikachora grafu. Prosesa: asilimia 11. Saa nne asubuhi 11. Usiku wa manane 11. Jumapili watu wako kanisani, 11. Mstari umenyooka utadhani nimeupiga kwa rula, na mimi badala ya kushtuka nikafurahi! Nikamwambia Afande seva imelala usingizi, yule jamaa wa suti ni tapeli. Nikaendelea kukusanya ili ushahidi uwe mzito.

Kulikuwa na binti aliyekuja kujifunza kazi kwetu, mtoto wa chuo. Akaangalia ile grafu akaniuliza, "Kaka, mbona haishuki usiku?" Nikamweleza kwa sauti ya mwalimu kwamba usiku kuna kazi za ndani ndani za mfumo, atazielewa akikua. Mungu anisamehe.

Kilichoniumbua ni umeme. Ulikatika mchana, jenereta ikagoma kwa sababu kuna mtu alikuwa ameshanyonya dizeli, betri ya UPS ikavumilia dakika chache ikazima, seva ikaanguka nayo. Umeme uliporudi nikawasha kila kitu, na kesho yake nikafungua grafu. Ule mstari wa rula ulikuwa umekatika. Mara baada ya kuwashwa ulianzia asilimia 48, halafu 41, 35, 30, unateremka taratibu kama mtu anayetelemka kilima na gunia kichwani. Nikaangalia dakika tano nzima. Ndipo nikafungua maelezo ya vmstat, ambayo sikuwahi kuyasoma maana nani anasoma yale, nikakuta imeandikwa wazi kabisa: ukiiita bila kuipa muda, mstari unaopata ni wastani tangu mashine iwashwe.

Tangu iwashwe! Na seva yetu ilikuwa imewaka siku zaidi ya mia mbili. Kwa hiyo asubuhi yote ya kukwama na kelele za wanachama ilikuwa inaingia kwenye wastani wa miezi saba, sawa na kumwaga kikombe cha chai ndani ya Ziwa Nalubaale, yaani Viktoria, halafu uonje kama maji yamekuwa matamu. Wiki sita nilikuwa napima kitu kimoja kilekile kila dakika tano. Yule binti nilimnunulia rolexi, ile chapati ya kukunja, ya mayai mawili, sikumwambia ni ya nini.

Mtu atasema si uipe tu vmstat muda, useme 1 2, yaani pima mara mbili kwa kuachana sekunde moja, uchukue mstari wa pili. Ndiyo, namba itakuwa ya kweli, ila hapo unachungulia sekunde moja halafu unafumba macho dakika nne na sekunde hamsini na tisa. Nilichofanya ni kuacha ujanja wangu na kutumia sar, ambayo inasoma hesabu ambazo kerneli yenyewe, kiini cha mfumo wa kompyuta, inajumlisha muda wote, kwa hiyo unapata kazi yote iliyofanyika katikati ya vipimo viwili, hakuna kilichopotea. Na kinachouma ni kwamba sysstat, kifurushi chenye hiyo sar, ilikuwa tayari imo kwenye seva. Miaka mitatu imekaa humo, kwenye faili la /etc/default/sysstat imeandikwa ENABLED="false". Nikaandika true, basi. Halafu kwa Ubuntu, aina ya Linux iliyo kwenye seva yetu, angalia kitu kingine, inatunza historia ya siku 7 tu usipoigusa, mimi niliweka 400 maana faili zenyewe ni ndogo, na kile kipimo cha kila dakika kumi nikakishusha kuwa cha kila dakika moja. Dakika kumi zinaficha sana. Mfumo ukikwama dakika mbili mhudumu anatukanwa kaunta, lakini kwenye wastani wa dakika kumi huoni kitu.

Grafu mpya ikaja na milima yake na mabonde, nikasema afadhali. Prosesa kweli haikuwa na shida. Shida ilikuwa diski: safu ya iowait, yaani muda prosesa inakaa bure ikingoja diski, inapanda mpaka unashangaa, na ombi moja la diski linangoja muda mrefu ajabu. Ila kulikuwa na kioja. Mlima mkubwa kuliko yote ulikuwa saa 07:00, kila siku bila kukosa. Yaani saa moja asubuhi, ofisi imefungwa! Na saa 10:00, ndiyo saa nne yenyewe ambayo wanachama wanapiga kelele, grafu imetulia.

Nikajua tumeingiliwa. Kuna mtu anachota data zetu alfajiri. Sikumwambia mtu, nikaamua kumvizia. Saa kumi na moja na nusu nikapanda boda kutoka Kireka, giza bado, baridi ya mvua, nikafika Ntinda askari akaniangalia kwa huruma akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Nikakaa mbele ya skrini na chai yangu. Saa moja ikafika. Kimya. Saa moja na nusu, mfumo unaenda kama upepo. Saa mbili wafanyakazi wakaanza kuingia wananiuliza nimelala hapo. Nikakata tamaa nikajiinamia mezani.

Saa nne kamili kaunta wakaanza kupiga kelele, imekwama tena. Nikaamka, nikaandika date kwenye terminali nione nimelala muda gani. Seva ikajibu 07:00.

Seva iko kwenye UTC bwana, saa za kimataifa. Iko nyuma yetu kwa masaa matatu. Ule mlima wa saa 07:00 ndiyo saa nne ya Kampala. Nikaandika crontab -l, orodha ya kazi zinazojianza zenyewe, nione nini kinaanza saa hiyo, nikakuta mstari wa bakapu (nakala ya akiba) ya databesi yote, 0 7, yaani 07:00 kila siku, inaandika kwenye diski ileile ambayo wahudumu wanaitegemea. Nikakumbuka. Miaka mitatu nyuma Afande alinipigia simu niko kwenye taksi, akasema bakapu iende saa saba usiku, watu wakiwa wamelala. Nilipofika nikaandika 7. Saa saba usiku kwa seva yetu ni 22, mimi nikaandika saba kama nilivyoisikia sikioni. Kwa hiyo yule mwizi wa alfajiri ni mimi, na seva nayo ilikuwa inafanya nilichoiambia.

Kuihamisha bakapu kulichukua sekunde labda kumi. Kesho yake saa nne kaunta walinyamaza mpaka nikaenda kuangalia kama wapo.

Hapo mtu mwingine angeishia, lakini swali la Afande lilikuwa tutahimili mpaka lini, na hilo halijibiwi na wiki moja ya data. Sacco yetu inafuata kalenda ya shule: Februari, mwishoni mwa Mei na Septemba ndiyo moto, Desemba watu wanatoa tu pesa za sikukuu. Ukipima katikati ya Mei watoto wako likizo utajidanganya. Halafu asilimia za diski peke yake hazisemi kitu mpaka uziweke pembeni ya miamala, kwa hiyo nilichota kwenye databesi idadi ya miamala ya kila saa nikaipanga na namba za sar, nikahakikisha saa zinalingana safari hii. Hapo sasa unaona wanachama wakiongezeka kiasi hiki diski inapanda kiasi hiki.

Afande alinishangaza. Nilimpelekea wastani wa mwezi akausukuma pembeni. "Mimi sipangi chakula cha kikosi kwa wastani wa mwaka. Niambie siku mbaya kuliko zote." Nikamwonyesha siku ya pili ya kufungua shule, hata bila bakapu diski inafika asilimia 80 na kitu. Akasema si bado ishirini imebaki? Nikamweleza kwa kaunta yake mwenyewe: watu wakija ovyo ovyo na kila mmoja anahitaji wastani wa dakika moja, wengine chini kidogo wengine zaidi sana, mhudumu akiwa na kazi nusu ya muda wake, mtu anatoka baada ya kama dakika mbili. Akifika asilimia 80 ni dakika tano, asilimia 90 ni kumi. Ile ishirini iliyobaki siyo akiba, tayari ni foleni. Akaguna. Akasaini.

Tulinunua diski mbili za SSD, zile za kasi, na RAM (kumbukumbu ya kazi) kidogo, kama milioni tatu na ushee yote pamoja na fundi. RAM wala haikuwa imejaa, yule jamaa wa suti alirudi akanionyesha kwamba iliyo tupu imebaki kidogo, nikamwambia Linux inaitumia ile tupu kama kashe, yaani kuweka karibu data za diski, na huiachia ikihitajika, angalia safu ya available. Hajarudi tena ila ananitumia meseji za sikukuu.

Kwenye mlango wa chumba cha seva nimebandika karatasi: SAA 7 YA SEVA = SAA NNE ASUBUHI. Afande aliisoma wiki iliyopita, akaniuliza kwa nini nisiibadilishe tu hiyo saa. Nikamwambia nitaibadilisha shule zikifungwa.