Embe la mama na mashine ya sukari

Jumapili moja mama kanipigia, sauti imebadilika kabisa, "mwanangu, mashine imesoma kumi na tisa". Nikamuuliza umekula nini, akasema hajala kitu tangu uji wa asubuhi, alikuwa anawamenyea wajukuu maembe tu. Hapo hapo nikajua. Nikamwambia mama kanawe kwa sabuni, ukauke vizuri, upime kidole kingine. Kimya, alafu namsikia anacheka mwenyewe: saba nukta nane. Kumbe mashine ilikuwa inapima embe.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba, so nilicheka na mimi, ila roho iliniuma, maana zimeenda stripu mbili, vile vijiti vya kuwekea damu, kwa kipimo kimoja, na stripu ndo hela yenyewe.

Watu wakisikia kifaa cha bei nafuu akili inaenda kwenye mashine. Mashine ya mama tulipewa bure jamani, ukiifungua ni betri, chipu na kioo, basi. Kazi yote iko kwenye kale kakijiti. Pale kwenye ncha pamekaushiwa kimeng'enya kinaitwa glukosi oksidesi, damu ikinyonywa kinaidaka glukosi, yaani ile sukari, elektroni zinatoka zinapita kwenye vinjia vya kaboni, mashine inapima hako kaumeme inakupa namba. Glukosi ya damu au ya embe kwake yote sawa. Na wala siyo teknolojia ya jana, Clark na Lyons kule Marekani walishaandika kuhusu elektrodi ya kimeng'enya tangu 1962, na vile vinjia vya kaboni vinachapwa kwa skrini, staili ile ile ya tisheti za kampeni.

Sasa mbona stripu ghali? Kuna gharama ya kweli, kila toleo la stripu kutoka kiwandani lazima lihakikiwe linasoma sawa. Lakini kuna biashara pia, kila mashine inakula stripu za kampuni yake tu. Kwenye droo ya mama ziko mashine mbili nzima kabisa, hazina ugonjwa wowote, stripu zake tu ndo zimepotea madukani.

Alafu kuna joto. Nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30, sasa niambie zahanati ya bati Tanga mwezi wa pili inakuwaje. Na unyevu ndo usiseme, kichupa kina kikaushio chake ndani, ila mama yangu kwa roho nzuri alikuwa anamtolea jirani stripu tano anamfungia kwenye karatasi kama dagaa. Jirani akawa anapata namba za ajabu ajabu anaanza kulaumu dawa.

Ndo maana mi naiheshimu sana mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, haina mashine, haina betri, tone la damu na matone ya bafa, kale kamaji ka kipimo, unasubiri dakika 15 au 20 kutegemea na aina, mistari inajichora. Ina kasoro zake, zile zinazotafuta protini ya vimelea inayoitwa HRP2 zinaweza kukuandikia malaria hata wiki kadhaa baada ya kupona, na ni ndiyo au hapana tu, haikupi namba. Ila imefika vijijini ambako hadubini haina hata mtu wa kuisoma.

Vijana wetu wabunifu nakutana nao kwenye maonyesho, boksi zuri, bluutuuthi, app inatuma majibu kwa daktari, nawapongeza kweli. Swali langu ni moja tu: stripu mnatengeneza wenyewe? Wengi wanajibu tutaagiza. Sasa hapo, bwana mdogo, umetengeneza kioo.

Kwa mama mambo yamebadilika. Tarehe ya kufungua kichupa anaiandika kwa kalamu kwenye mfuniko, maana zikishafunguliwa zina miezi yake. Na jirani siku hizi anakuja mwenyewe na kisindano chake kipya, ananawa pale kwenye ndoo, anapimwa palepale barazani, stripu haivuki kizingiti.