Nilivyomsaidia mzee kuuza bunduki zake 43

Mzee alinipigia simu jioni moja akasema maneno matatu tu: "Macho yamekataa, mwanangu." Nilidhani anataka kupelekwa hospitali. Kumbe alikuwa anazungumzia bunduki zake. Leseni ilikuwa inakaribia kwisha, na alijua fika kwamba safari hii daktari hatamtilia sahihi. Alikuwa na silaha 43, alizozikusanya kwa zaidi ya miaka 40, na katika watoto wake hakuna hata mmoja aliyezitaka. Mimi ni rafiki wa mwanawe wa kwanza. Sijawahi kulenga shabaha na sina leseni. Nadhani alinichagua kwa sababu najua kupanga makaratasi, na kwa sababu hakukuwa na hata moja niliyoitamani.

Kutokuwa na leseni ndiko kulikoamua karibu kila kitu. Kabla sijagusa chochote niliipigia ofisi inayotoa leseni za silaha nikauliza mtu kama mimi anaruhusiwa kufika wapi. Jibu lilikuwa fupi: andika, piga picha, panga, lakini usiondoke na hata moja, usibaki nazo peke yako, na ufunguo wa kabati la chuma usikae mfukoni mwako. Sheria za nchi hazifanani, kwa hiyo anayetaka kufanya kazi hii aanze na simu hiyo. Kwetu ilimaanisha kwamba kila Jumamosi, kwa muda wa wiki sita, Mzee alikuwa anafungua kabati mwenyewe, ananikabidhi silaha moja moja, na kulifunga mwenyewe.

Siku ya kwanza aliniambia zote hazina kitu. Nikamwomba kila inayotoka tuikague upya hata hivyo. Alinuna. Ya kumi na moja ilikuwa bunduki ndogo ya kipenyo cha .22, ile aina ambayo risasi zake hujipanga ndani ya bomba chini ya mtutu. Tulimulika chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, kwa tochi, tukaiona tupu. Mzee akavuta bolti mara ya pili, risasi ikaruka ikaangukia zulia. Springi ya bomba ilikuwa imechoka, na risasi ilikuwa imekwama humo miaka sijui mingapi. Tulikaa kimya wote wawili. Tangu hapo hakuninunia tena, na yeye ndiye akawa wa kwanza kusema "hebu tuangalie tena."

Orodha ndiyo iliyokula muda. Kwa kila silaha niliandika mtengenezaji, aina, kipenyo cha risasi, namba, mihuri yote niliyoiona, na hali ya mtutu kwa ndani. Halafu nikalinganisha na hati zake. Hapo ndipo jasho lilinitoka. Namba ya bunduki moja ilikuwa na 8 kwenye karatasi na 3 kwenye chuma. Karani wa zamani alisoma vibaya, basi. Nyingine, bastola ya silinda aliyorithi kwa kaka yake, haikuwa na karatasi kabisa. Mzee alitaka tuiingize kimyakimya katikati ya zile nyingine. Nilikataa, na hapo ndipo nilipokuwa mkali kwake mara moja tu katika shughuli nzima. Tulimtafuta wakili kwanza, wakili akazungumza na polisi, na ikasalimishwa kwa utaratibu bila mtu kushtakiwa. Kama tungeipakia kwenye gari tukaipeleka kituoni wenyewe bila kutoa taarifa, tungekuwa tumebeba silaha isiyo na leseni barabarani.

Kuhusu thamani nilikuwa mbumbumbu, na nilijifunza kwa aibu. Nilikuta bunduki moja ya Mauser imefifia, chuma chake kimekuwa na rangi ya kahawia kama chai, nikachukua kitambaa na dawa ya kung'arishia. Mzee alipiga kelele kana kwamba nimemkanyaga. Kwa mkusanyaji, ile rangi ya uzee ni sehemu ya bei. Bunduki ya kale iliyosuguliwa ikang'aa hupoteza thamani ambayo hairudi. Kutu hai, ile nyekundu, hutulizwa kwa mafuta mepesi na kitambaa laini, basi.

Halafu kuna namba. Kwenye bastola ya Luger P08, ile iliyoingia jeshi la Ujerumani mwaka 1908, vipande vidogo hupigwa tarakimu mbili za mwisho za namba ya silaha. Mzee alikuwa nazo mbili. Kwa macho yangu zilikuwa pacha. Tulipozipitia kwa kioo cha kukuzia, moja ilikuwa na kila kipande chake, ya pili ilikuwa na vipande vitatu vya silaha nyingine. Ya kwanza ikaja kuuzwa karibu mara mbili ya mwenzake. Shotigani yake ya mitutu miwili nayo ilikuwa na mitutu iliyosokotwa kwa chuma na feleji hadi ikatoa michirizi kama ya mbao. Ilitengenezwa enzi za baruti nyeusi, na kuipiga kwa risasi za kisasa ni kujitafutia mauti. Tukaandika hivyo waziwazi, kwamba ni ya kutazama.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya hadithi. Karibu kila bunduki ilikuwa nayo. Lee-Enfield ile ilishikwa na ofisa fulani, Martini-Henry hii ilikuwa vitani, na kadhalika. Mimi niliandika zote. Mthamini wa nyumba ya mnada alipokuja akazikata kwa kalamu nyekundu, akabakisha mbili tu: moja ilikuwa na barua ya zamani ya mauziano, na nyingine, Winchester ya 1894, ilikuwa na barua kutoka jumba la makumbusho la Cody, Wyoming, Marekani, ambako madaftari ya zamani ya kiwanda yanatunzwa na mwenye silaha anaweza kuulizia namba yake. "Hadithi hainunuliwi, karatasi ndiyo inayonunuliwa," alisema. Mzee alitoka chumbani. Nilimwonea huruma, lakini mthamini alikuwa sahihi, kwa sababu mnunuzi akigundua baadaye kwamba maelezo yalitungwa, atadai fedha zake.

Njia ya kuuzia nayo ilitugawanya. Mfanyabiashara mmoja mwenye leseni alitaka kuzibeba zote kwa mkupuo, kwa kiasi kilichokuwa kama nusu ya makadirio. Wanawe walimwona mwizi. Mimi sikumwona hivyo: mtu huyo anatoa fedha zake leo, anachukua na zile mbovu ambazo hakuna anayezitaka, na huenda akakaa nazo miaka. Mzee angekuwa mgonjwa sana, ningemshauri akubali. Kwa kuwa alikuwa bado ana nguvu, tulizigawa. Zile 15 nzuri zilikwenda mnadani. Zile 22 za kawaida, za kuwindia na kulengea shabaha, alizichukua huyohuyo mfanyabiashara, na kwa kuwa alishajua tuna orodha kamili alipandisha bei bila kelele. Tatu alipewa mwanachama mwenzake wa klabu, kwa bei ya urafiki, na uhamisho ulipita kwenye leseni zote mbili. Mbili zilizobaki hazikupata mtu, tukaziacha ziharibiwe na mamlaka. Risasi za zamani hatukuzichanganya na chochote. Polisi walizichukua peke yake.

Kitu ambacho ningekifanya tofauti ni mkataba wa mnada. Nilishindania kamisheni ikashuka, nikajiona mjanja, sikusoma kwamba picha, bima na usafirishaji vinatozwa mbali. Vilirudisha karibu kila nilichookoa. Pia kwenye bunduki mbili sikuweka kiwango cha bei ambacho chini yake zisiuzwe, na zote mbili zikaenda kwa bei ya kutupa mchana ule ule ambao ukumbi ulikuwa nusu tupu. Mzee hajalitaja jambo hilo hata leo. Naamini analikumbuka.

Wiki tatu baada ya mnada, nyumba ya mnada ilituletea swali la aliyenunua Martini-Henry. Kitakoni kulikuwa na alama tatu zilizokatwa kwa kisu. Je, mwenye silaha anajua maana yake? Nilimsomea Mzee barua nikijua jibu lake, kwa sababu nilishasikia mara nyingi kwamba kila alama ni adui mmoja. Alinyamaza, akavua miwani, akaniambia niandike:

"Alama tatu kitakoni. Nilizikuta. Sijui zaidi."