Filamu naipima kwa uso wa mama

Mimi ni mpiga picha, na kijana anayeniletea filamu za kamera, ile mikanda ya zamani, kutoka Dar anapanda treni Alhamisi, na leo Jumapili kashanitumia ujumbe mara mbili: "Bro, nichukue ipi?" Simjibu haraka. Kwa bei ya filamu ya siku hizi, jibu la kubahatisha linauma mfukoni.

Harusi ninayoipiga, hapa Dodoma, ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ibada saa nane mchana, halafu picha kwenye majabali, halafu ukumbini mpaka MC achoke. Bibi harusi kaomba mwenyewe: "Kaka, nataka na zile za filamu, siyo za dijitali tu." Nikamkubalia kwa sharti kwamba dijitali ndiyo kazi ya mkataba na filamu ni nyongeza. Kamati ya harusi ilitaka kujua nyongeza hiyo inatoka fungu gani. Hayo tumeyamaliza, namshukuru Mungu.

Nikiulizwa filamu gani inafaa harusi, watu wanategemea nitaje jina la boksi. Mimi kwanza nataka kujua nani atakuwa kwenye picha, na simaanishi bibi harusi. Yeye kapakwa mekapu tangu alfajiri, kila taa inamwelekea, hata filamu ya ovyo itamtoa vizuri. Kipimo changu ni mama yake. Huyu nilimwona siku ya kuonana na familia: mweusi tii, usoni hana kitu zaidi ya mafuta, kilemba kimeshuka mpaka karibu na nyusi, na anapenda kukaa kona ambayo mwanga unamfikia nusu uso. Nilipomwamkia kwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, akacheka, na mikunjo midogo ikatokea pembeni mwa macho. Filamu ikiniletea ile mikunjo, na upande wa uso ulio kivulini ukabaki ngozi badala ya kuwa tope, nimepata filamu ya harusi. Hao wengine wote watatoka tu.

Nina sababu ya kung'ang'ania hili. Albamu ya harusi ya wazazi wangu, ya miaka ya 1980, ina picha moja ambayo shela la mama linawaka kabisa na wasimamizi wamebaki macho na meno. Baba mdogo hadi leo anabisha kwamba yule wa pili kulia ni yeye. Mpiga picha alichangia, bila shaka, lakini filamu na mashine za kusafishia za zama zile nazo hazikutengenezwa zikitufikiria sisi. Maabara zilikuwa zinarekebisha rangi kwa kadi ya kupimia yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Iliitwa kadi ya Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Ngozi ya Shirley ikitoka sawa, mashine imekaa sawa, basi. Kadi ya Kodak yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja katikati ya miaka ya 1990, albamu ya wazazi wangu ikiwa imeshaanza kupauka.

Filamu za leo ni nyingine kabisa, ila mpiga picha naye lazima azielewe. Negativu, yaani ule mkanda ambao weupe unatoka mweusi na weusi mweupe, ina tabia ambayo waliokulia kwenye dijitali hawaiamini mpaka waione. Kwenye dijitali unalinda weupe: shela likiungua limeungua, hakuna wa kulirudisha. Kwenye negativu unalinda giza. Kivuli kikikosa mwanga, mkanda unabaki mtupu pale, na skana, mashine ya kuingiza mkanda kwenye kompyuta, ikilazimisha inakupa chenga na rangi chafu. Mwanga ukizidi, negativu inakuwa nzito tu. Nyuzi za lesi bado zimo mle ndani, hata zikipewa stopu mbili za ziada, na kila stopu ni mwanga mara mbili.

Sasa angalia mita ya kamera, kile kipima mwanga, inavyofanya. Imetengenezwa iamini kwamba kila inachokiona ni kijivu cha wastani. Ikilikuta shela limejaa kwenye fremu, inadhani mwanga umezidi, inabana, na nyuso zote zinazama. Hapo ndipo zinapozaliwa picha za macho na meno. Lakini nikisogea mpaka uso wa mama ujaze fremu, inadhani iko gizani na kuniambia niongeze. Kwa slaidi, filamu isiyovumilia mwanga ukizidi, ningekataa. Kwa negativu nakubali mikono miwili, maana ngozi nyeusi sana inapata kama stopu moja ya ziada bila mimi kugusa kitu kingine. Wengi mtandaoni wanashauri Portra 400, filamu ya Kodak ambayo namba yake ni wepesi wa kunasa mwanga, uiwekee 200 kwenye mita ili ipate mwanga mara mbili, na ni ushauri mzuri ukipima mwanga unaoangukia mtu. Ukipima kwenye uso mweusi na bado umeweka 200, mwanga unaulipia mara mbili. Filamu itavumilia, ila kasi ya shata, ule mlango wa mwanga wa kamera, itashuka na utaililia ukiwa kanisani.

Kwa hiyo ni Portra, hilo halina ubishi kichwani mwangu. Zilipotoka mwaka 1998 zilikuwa za aina mbili, NC ya rangi tulivu na VC ya rangi kali, na wakongwe walikuwa wanagombana kwa ajili yake. Portra 400 ya sasa ilikuja 2010 ikaziunganisha, 160 ikafuata 2011. Kinachonikalisha hapa na kikombe cha chai kilichopoa ni 160 au 400.

Wengi watasema 400 bila kufikiri, na kwa harusi ya Arusha yenye mawingu ningesema hivyo hivyo. Dodoma mwezi huu haina wingu la kukuonea huruma. Saa tisa jua bado liko juu, macho ya watu yamegeuka mashimo chini ya nyusi, na mama mwenye kilemba ndiye anayeumia zaidi. Dawa ni flashi ya kujazia kidogo, na hapo hesabu inageuka. Kamera yangu ya zamani inakubali flashi mpaka shata ya 1/250 ya sekunde tu. Kwa kasi hiyo juani, Portra 160 niliyoisoma kama 100 inataka tundu la lenzi la karibu f/11. Portra 400 niliyoiacha kwenye 400 yake inapita f/16, tundu dogo zaidi. Kila stopu inayoongezeka inaidai flashi nguvu maradufu, na kiflashi changu kinaanza kupumua kwa shida, kinachaji huku bibi harusi ameshafumba macho. Tena kwa f/16 kila jiwe la nyuma linakuwa kali na kugombania picha na uso. Juani, basi, 160 inashinda, na chenga zake hata kwenye picha kubwa ya ukutani huzioni.

Ndani ya kanisa 160 haina kazi. Nitapanda na 400, nikae upande wa madirisha, nisubiri.

Nyingine nazipitia haraka. Fuji Pro 400H ilipendwa sana na wapiga picha za harusi wa Ulaya na Marekani kwa kijani chake laini, na Januari 2021 Fujifilm walitangaza kuisimamisha kwa sababu malighafi zilikuwa ngumu kupatikana. Watu walilia. Mimi sikulia sana: Dodoma ya kiangazi, mibuyu imesimama bila jani, hicho kijani laini nikitoe wapi? Ektar 100 ni filamu ya mawe na mizabibu, inatia rangi kwa nguvu, na ngozi ya maji ya kunde inaivuta kwenye wekundu. Kodak Gold 200 ndiyo ninayoihusudu kimya kimya. Ni ya bei ya chini, tangu 2022 inapatikana hata kwa saizi ya 120, ule mkanda mpana, na ngozi nyeusi inaipa ukahawia wenye uhai. Shela inalipeleka njano kidogo, kwa hiyo naipeleka kwenye sendofu, ambako nguo nyeupe si nyingi na akina mama wamefunga vitenge wanapiga muheme, ngoma ya Wagogo.

Jambo ambalo halitajwi kwenye video za kulinganisha filamu ni udongo wetu. Weka familia ishirini kwenye uwanja mwekundu wa Dodoma, theluthi mbili ya fremu ni wekundu mtupu. Skana ya maabara ikiachwa iamue yenyewe inadhani ule wekundu ni kosa, inauondoa, na kuuondoa kwake ni kuongeza samawati na kijani kwenye picha nzima. Udongo unapauka, sawa, lakini na nyuso nazo zinageuka za wagonjwa. Mtu anatazama, anasema filamu hii mbaya kwa watu weusi, anabadilisha filamu, na fremu ya udongo inayofuata inatoka vilevile. Siku hizi kila mkanda naanza kwa kupiga kadi ya kijivu mahali pale pale, na naomba waniskanie bila marekebisho ya otomatiki. Nabadilisha rangi mwenyewe, nikianzia kwenye shavu la mama. Udongo utajitegemea.

Ukumbini sina matumaini makubwa. Taa za zambarau za wapambaji wetu hakuna filamu inayoziweza, maana rangi isiyokuwemo kwenye mwanga huwezi kuitoa kwenye negativu. Portra 800 pamoja na flashi iliyoelekezwa kwenye dari, kama dari ni nyeupe, inatosha. Vijana wananiambia Cinestill 800T. Huo ni mkanda wa sinema uliopangwa kwa taa za njano, ukaondolewa lile tabaka jeusi la nyuma linalozuia mwanga kurudi, ndiyo maana kila taa inavaa duara jekundu. Kwa picha ya keki sawa. Mama wa watu simvishi duara jekundu.

Zikifika, zinalala kwenye friji hadi Ijumaa jioni, kisha zinakaa mezani ndani ya vikopo vyake bila kufunguliwa mpaka zipoteze baridi, zisije zikatoa jasho. Kwenye gari lililoegeshwa juani haziingii hata kwa dakika za kununua maji. Kusafisha nafanya mwenyewe nyumbani: dawa ya C-41, ya negativu za rangi, inataka nyuzi 37.8, dakika 3 na sekunde 15, na beseni la maji ya moto pamoja na kipimajoto vinaniweka hapo. Tatizo langu ni maji ya mwisho. Ya bomba mtaani kwetu yana chumvi, yakikaukia kwenye mkanda yanaacha vidoti vyeupe, na Mungu anajua kwa nini vinapenda kukaa kwenye paji la uso. Suuza ya mwisho, kwa hiyo, ni maji yaliyokenekwa tu, yasiyo na chumvi.

Nimemjibu kijana: Portra 160 mikanda mitatu, 400 mitatu, 800 mmoja, na Gold miwili ya sendofu. Akauliza, "Bro, harusi moja hiyo?" Nikamtumia hela.

Kisha nikamwandikia dada wa kamati ya mapambo kumwomba meza ya wazazi isiwekwe chini ya taa za zambarau, maana mwaka huu nimeona nyingi mno zikiwekwa pale. Kajibu kwamba mpambaji ndiye mwenye uamuzi, na mpambaji hapendi kupangiwa. Akaongeza namba ya huyo mpambaji. Kesho asubuhi nitampigia, nianze na shikamoo ndefu, maana nasikia ni mtu mzima.